Bi Somoe Kwenye Kibaraza Chetu

Moshi wa korosho zinazochomwa haubishi hodi. Huingia puani ukakata kama pilipili, ukashuka kooni, ukajishika kwenye nguo hata ukizifua bado unausikia. Asubuhi ile nilipofika kijijini kwetu, mbele kidogo ya Mitole, kina mama walikuwa wameshawasha moto nyuma ya ofisi ya kijiji. Bati lililotobolewa matundu lilikuwa limejaa korosho, mafuta yake yakiungua na kurusha cheche, na wao wanazigeuza kwa fito ndefu huku wamegeuza nyuso pembeni. Ilikuwa siku ya kumuaga Bi Somoe, mwenyekiti wetu, aliyekuwa anang'atuka baada ya kututumikia tangu mimi ni mtoto. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, sare za kanga zinameta. Nilitakiwa kwenda kusaidia kupanga sahani. Badala yake nikasimama penye ule moshi, machozi yananitoka, na kwa muda nikawa tena mtoto wa darasa la tatu aliyefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake, na nje ya mlango amekaa mwanamke huyo huyo, anachoma korosho.

Waliosimama kusema siku ile walisema ya kweli. Walisema habari za kisima, za wasichana waliorudishwa shuleni, za wajane waliobaki kwenye mashamba yao. Habari ya kibaraza chetu hakuna aliyeigusa. Waliokuwepo wengi wametangulia mbele ya haki, na mama yangu, ambaye sasa naishi naye Kilwa Masoko, hakuweza kuja kwa sababu ya miguu. Kwa hiyo acheni niiseme mimi.

Baba yangu alifariki korosho zilipokuwa zinaanza kudondoka. Aliumwa kifua, akalala, hakuamka. Msiba wenyewe siukumbuki sawasawa. Nakumbuka ubani, na wanawake waliojaa ukumbini mpaka nikakosa pa kukanyaga, na shangazi mmoja aliyeniwekea paja zima la kuku kwenye sahani kwa kuwa nimekuwa yatima. Nilikuwa sijawahi kupewa paja zima maishani mwangu. Nikafurahi, kisha nikakumbuka kwa nini nimepewa, nyama ikanikwama.

Wageni walipoondoka, mama akabaki edani. Ninyi mliokulia pwani mnajua eda ilivyo: mjane hukaa nyumbani mwake miezi, hajipambi, hatoki ila kwa shida ya lazima, mpaka muda wake uishe. Mama alikaa bila manung'uniko. Alikuwa Mmwera wa Nyangamara, mbali na kwetu. Baba alimpata huko alipokuwa akihangaika na biashara ya ufuta. Pale kijijini hakuwa na kaka wala dada. Alikuwa na mimi.

Na tulikuwa na Baba Mdogo Hemedi, mdogo wake baba. Sitaki mumwone kama zimwi, kwa maana mimi nilimpenda. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, kofia yake safi siku zote, na kila akitoka mnadani aliniletea visheti. Baada ya arobaini aliwaambia watu kwamba heshima ya shemeji yake iko mikononi mwake. Watu wakamsifu. Siku iliyofuata akaja na panga, akaziba lango la uani kwa fito na matawi ya miiba, akisema kuna watu wasio na adabu wanapita pita huko nyuma. Nilimsaidia kumpelekea miiba.

Kisha asubuhi moja nikavaa sare yangu ya shule, nikachukua mfuko, nikausukuma mlango wa mbele. Haukufunguka. Nikausukuma kwa bega. Kitu cha chuma kikagonga upande wa nje.

"Tatu, mwanangu," sauti ya Baba Mdogo ikaniambia kutoka kibarazani, taratibu kabisa. "Shule haitahama. Kaa na mama yako. Eda haikaliwi peke yake."

Nilimgeukia mama ili aseme neno. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na nguo zake nyeupe, anautazama mlango kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa juu yake.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, vyumba viwili na ukumbi, na dirisha moja dogo ambalo baba alilitia vyuma ili wezi wasichukue korosho. Kwa nyuma kulikuwa na ua, jiko la makuti, choo, na mpapai mmoja usiozaa. Huo ndio ulikuwa ulimwengu. Nilijifunza jua linaingia wapi asubuhi na linatokea wapi jioni. Nilijifunza kila ufa wa ukuta. Nilimwonea wivu kuku wetu mmoja, kishingo asiye na manyoya shingoni, ambaye alikuwa anainama, anapita chini ya ile miiba, anakwenda zake, anarudi anapotaka, na wala haoni kama amefanya jambo kubwa. Niliwahi kujaribu kupita alipopita. Nilifika kichwa tu, na mama akalazimika kunichambua miiba nywele moja moja.

Kilichonitesa zaidi ni ile rimu ya gari iliyokuwa ikigongwa shuleni. Ilisikika mpaka kwetu. Ikigongwa najua sasa wako mstarini. Ikigongwa tena najua wanakunywa uji. Ikigongwa mara ya mwisho nasikia kelele za watoto wakirudi njiani, wanapita mbele ya nyumba yetu, na sauti zao zinashuka wanapofika usawa wa mlango. Walikuwa wameambiwa wasiwasumbue watu wa eda. Nilikuwa nakaa nyuma ya mlango naimba jedwali la saba kwa sauti ya juu, ili mwalimu, kama anapita, asinifute kwenye daftari la mahudhurio.

Mke wa Baba Mdogo alituletea chakula asubuhi na jioni. Mumewe alifungua kufuli, akasimama pembeni. Mkewe akaweka sinia na ndoo ya maji, akatoka bila kumtazama mama usoni. Kisha baada ya sala ya alasiri Baba Mdogo alikuja peke yake. Alikaa kwenye kiti cha baba, nje, akazungumza na mlango.

"Shemeji," alikuwa anasema, "mimi sina ubaya. Mikorosho hii ilipandwa na baba yetu. Nyumba tuliijenga pamoja na marehemu. Ukikubali niwe mume wako eda ikiisha, hapana kitakachobadilika. Ukikataa, rudi kwenu Nyangamara kwa amani, na mtoto abaki kwao. Ninachotaka ni useme mwenyewe, nikawaambie wazee."

Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa kimya, na siku alizokaa kimya chakula cha jioni kilichelewa, kikaja kidogo. Mimi katika maneno yote yale niliokota moja tu: mtoto abaki. Nikaanza kulala nimejifunga pindo la kanga ya mama mkononi.

Ndipo alipokuja Bi Somoe.

Nilisikia kwanza mkeka ukitupwa kibarazani, kisha mtu mzito akikaa, kisha mlango wetu ukalia kwa kuegemewa. Nikachungulia kwenye ufa. Niliona mgongo. Mgongo mpana, wenye kanga ya rangi ya manjano, umeziba mlango wote. Nilimjua mwenye mgongo huo. Mwaka ule alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa kitongoji, mwanamke wa kwanza kwetu, na wanaume walikuwa bado wanalichekea jambo hilo kahawani. Alikuwa na sauti ya kuitia mkutano bila kipaza sauti. Kwangu mimi yeye alikuwa serikali. Sasa serikali imekuja kukaa mlangoni petu. Nikaona mambo yameeleweka: Baba Mdogo amechoka kutulinda peke yake, ametuwekea askari.

Ushahidi nilikuwa nao tele. Alikuja asubuhi, akaondoka Magharibi. Aliuegemea mlango muda wote. Alichoma korosho zake mbele ya nyumba, moshi ukaingia ndani tukakohoa mpaka tukashika mbavu, kisha akakaa kuzibangua, jiwe juu ya jiwe, ko, ko, ko, siku nzima. Nilidhani ameagizwa atukere. Wakati mwingine yeye na mama walizungumza midomo ikiwa karibu na ufa wa mlango, kwa Kimwera, lugha ambayo mimi naielewa kwa kuokoteza, na kwa sauti ya chini hivi kwamba sikuokota hata hicho kidogo. Nilimuuliza mama anagombezwa nini.

"Mwache akae," akasema.

Hakunieleza zaidi, na alikuwa na sababu. Watoto wa Baba Mdogo walikuwa wanakuja kwenye uzio wa nyuma, tunaongea kwenye matundu, na mimi nilikuwa mtoto ambaye likiingia sikioni linatokea mdomoni.

Jioni ya kwanza Baba Mdogo alipokuja na kumkuta, nilitega sikio nisikie askari anavyopokea amri. Walisalimiana vizuri. Akamuuliza kama hana kazi kwake.

"Kazi ndiyo hii, nabangua," Bi Somoe akajibu.

"Nina maneno ya ukoo na shemeji yangu."

"Sema, Hemedi. Mimi si msumbufu."

Basi Baba Mdogo akasema kuhusu mvua. Akasema mwaka huu zinaweza kuwahi. Akakaa kidogo, akaondoka. Siku iliyofuata akasema tena kuhusu mvua. Ikawa kila alasiri ni habari za mawingu, na mimi nikashangaa mtu mzima anayetembea kutoka kwake mpaka kwetu ili auambie mlango hali ya hewa. Lakini chakula kilizidi kupungua. Siku nyingine sinia halikuja kabisa. Siku hizo Bi Somoe alitupitishia mihogo ya kuchemsha kwenye vyuma vya dirisha. Minene haikupita, kwa hiyo alichagua myembamba, na mpaka leo mimi sokoni huchagua mihogo myembamba nikiamini ndiyo mitamu. Hilo nalo halikunibadilisha mawazo. Hata polisi huwapa mahabusu chakula.

Siku zilivyokwenda ndani mle palizidi kuwa padogo. Mama alipungua mpaka pete yake ikawa inazunguka kidoleni. Mimi niliacha kuimba jedwali. Rimu ikigongwa nilijifunika shuka kichwani. Nilianza kuota kwamba nimekua mtu mzima, nina watoto, nao wanazaliwa humo humo ukumbini na kuuliza nje kuna nini.

Ikaja Ijumaa moja. Sala ilikuwa imekwisha, nikasikia viatu vingi njiani. Nikachungulia dirishani. Baba Mdogo alikuwa mbele, nyuma yake wazee wa kijiji, na katikati yao shehe wetu, ambaye alikuwa Lindi muda mrefu kwa matibabu na ndiyo kwanza amerudi, anatembea kwa fimbo. Walisalimia. Bi Somoe aliwaitikia akiwa amekaa vile vile, mgongo mlangoni.

Baba Mdogo akakohoa. Akawaambia amewaita kwa jambo la heri. Shemeji yake amekwisha kumkubalia. Eda ikiisha atamwoa, na nyumba na mikorosho vitabaki mikononi mwa ukoo. Hakuhitaji mjadala, alihitaji mashahidi tu.

Mkono wa mama ulinishika bega.

"Amekukubalia lini?" shehe akauliza.

"Siku nyingi. Hapa hapa mlangoni."

Bi Somoe alijifuta mikono kwenye kanga yake kuukuu. Mikono ilikuwa myeusi kwa mafuta ya korosho mpaka kwenye viwiko.

"Shehe, mimi nimekaa kwenye mlango huu kutwa, kila siku, na wapita njia wananiona," akasema. "Neno hilo sijalisikia. Mwenyewe yuko hapa nyuma yangu. Muulizeni."

"Yeye hakuwepo," Baba Mdogo akasema haraka. "Ilikuwa usiku."

Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kuna kitu kimeanguka. Wazee walitazamana. Shehe alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda huu.

"Usiku, Hemedi? Kwa mjane aliye edani?"

Baba Mdogo akaanza kueleza kwamba hakuingia, alisimama nje tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuzama. Na hapo Bi Somoe, taratibu, akajisogeza pembeni kwenye mkeka wake. Mgongo uliokuwa umeziba mlango ukaondoka. Shehe akaliona kufuli.

Hakuuliza la nini. Alilitazama tu, kisha akamtazama Baba Mdogo, na wazee wengine wakainama kutazama vidole vya miguu yao, kwa sababu wengine walikuwa wanajua.

Mama akasema kutoka ndani. Tangu baba afe sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda.

"Sijakubali. Sikukubali usiku wala mchana. Mume wangu alituacha hapa, mimi na mwanangu, na hapa ndipo tulipo."

"Lete ufunguo," shehe akamwambia Baba Mdogo.

Akasema ameusahau shamba. Shehe akasema basi watakaa wamsubiri, akatafuta pa kukaa, na wazee wote wakaanza kutafuta pa kukaa. Ufunguo ulipatikana kwenye mfuko wa shati.

Mlango ulipofunguka mwanga ulinipiga usoni nikafumba macho. Nikatoka mbio, nikamruka Bi Somoe, nikakimbia mpaka barabarani, nikakimbia kurudi, nikakimbia tena, kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha nikaona mama hayupo nyuma yangu. Nikarudi mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake pale pale ukumbini, ametulia.

"Mama, mlango uko wazi," nikamwambia.

"Nauona. Eda yangu bado haijaisha."

Nikasimama kizingitini nisielewe. Tumeteseka muda wote ule tukiutamani mlango, na sasa uko wazi hataki kupita. Ilinichukua miaka kujua kwamba kukaa kwake siku ile kulikuwa kitu kingine kabisa, na kwamba alikuwa amekaa kama mtu aliyekaa kwake.

Mengine yaliyofuata ni mafupi. Nilirudi shule, mwalimu hakuwa amenifuta. Mjomba wangu alifika kutoka Nyangamara, kwa sababu Bi Somoe alikuwa amempelekea habari kwa watu wa magari ya ufuta. Mirathi ikagawanywa mbele ya shehe, mama akapata fungu lake na mimi langu, nyumba ikabaki kwetu. Baba Mdogo alipata sehemu yake pia. Hakufungwa wala hakuhama. Tulikutana naye njiani miaka mingi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na alipozeeka akaanza tena kuniletea visheti. Nilivipokea. Sikuvila mbele yake.

Siku ya kumuaga Bi Somoe, hotuba zilipokwisha na kina mama wameshamtandikia zawadi zake, nilikwenda kukaa karibu na kiti chake. Amekuwa mdogo wa mwili, ule mgongo umeinama. Aliniuliza hali ya mama. Nikamwambia, na kwa kuwa moshi ulikuwa umenichokonoa, nikamwambia pia kwamba nilimdhania askari wa Baba Mdogo. Akacheka mpaka akashika goti langu. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu nimekuwa mtu mzima: kwa nini hakulivunja lile kufuli siku ya kwanza, naye alikuwa mwenyekiti.

"Ningelivunja, wangesema mjane ametoroka eda, na mimi ndiye niliyemtorosha," akasema. "Hapo Hemedi angekuwa amepata alichokitaka. Na shehe hayupo, na wale wengine unawajua. Ilibidi nikae."

Kisha akatazama watoto waliokuwa wanagombania soda, akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Mume wake alikuwa amemkataza. Alimwambia mambo ya nyumba za watu yana wenyewe, na anachekwa kahawani kwa ajili yake. Alipoona haachi, akampa talaka, asubuhi, kabla hajafunga korosho zake kwenye kikapu. Alikuja kwetu siku ile akiwa hajui jioni atarudi wapi.

"Nilimwambia mama yako pale kwenye ufa," akasema. "Nikafikiri atanifukuza, aseme nikaokoe ndoa yangu. Akaniambia, 'Egemea mlango, dada. Na mimi nimeegemea upande huu.'"

Nilirudi Masoko jioni ile. Mama alikuwa kitandani, ameinyoosha miguu yake iliyovimba, anasubiri habari. Nikamweleza sare zilivyokuwa, chakula, nani alisema nini. Mwisho nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia habari ya ile talaka, muda wote huo.

Aliuvuta mto, akauweka mgongoni.

"Ilikuwa siri yake, sikuwa na ruhusa ya kuitoa," akasema. "Sisi tulikuwa tumefungiwa ndani, Tatu. Mwenzetu alikuwa amefungiwa nje."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikimkanda miguu. Nikawaza jinsi nilivyoutazama ule mgongo siku baada ya siku, nimeweka jicho kwenye ufa, nikijua kila mstari wa kanga ile ya manjano, na sikuwahi kujiuliza mwenye mgongo ule, jua likizama, anakunja mkeka wake kwenda kwa nani.